Mlango wa Harusi Eastlands: Pesa Chache Ziwekwe Wapi?

Agosti na Desemba, shule zikifungwa, Jumamosi hazitoshi Eastlands. Hema husimama kwenye uwanja wa shule ya msingi Kayole, ukumbi wa kijamii wa Kaloleni hukodishwa, ua wa kanisa Buruburu hupangwa viti, na huko Umoja majirani hukubali njia yao ifungwe kutwa nzima. Nyuma ya kila sherehe kuna kamati iliyokutana wiki baada ya wiki, ikachanga, ikahesabu, ikabishana. Na kamati nyingi hukifikia kipengele kimoja zikiwa zimechoka na mfuko umekauka: mlango wa kuingilia wageni. Chakula kimeshapangwa, hema limetolewa arubuni, gauni liko kwa fundi. Za mlango zimebaki, tuseme, Sh15,000. Zifanye nini?

Swali hilo nimeliweka mbele ya sauti nne zisizokosekana katika kamati ya mtaa: mweka hazina, mpambaji, bibi harusi mtarajiwa na shangazi yake. Sikuwapa majina kwa sababu wanatambulika kwa nafasi zao. Kila mmoja ana hoja inayostahili kusikilizwa hadi mwisho, na ya kwangu nitaisema baada yao.

Kuna haja ya kupamba mlango?

MWEKA HAZINA: Mimi huanza na mtu aliyetoa pesa. Tangu M-Pesa ije mwaka wa 2007, mchango wa harusi haungoji tena bahasha. Mama mboga anatuma mia mbili, kondakta anatuma mia tano, na majina yao yote yapo kwenye daftari langu. Hawa walichangia ili vijana waanze maisha. Sasa nikachukue jasho lao nilifunge mlangoni, watu wapite kwa dakika mbili, jioni tulifungue tulitupe? Mgeni akishiba hatakumbuka mlango ulikuwa na maua au haukuwa nayo. Akilala njaa, atasimulia hadi harusi ijayo.

BIBI HARUSI: Mzee, hakuna anayesema chakula kipunguzwe. Lakini picha ya kwanza ya mimi na mume wangu tukiingia kwa wageni itapigwa pale mlangoni. Hiyo ndiyo itakayotundikwa sebuleni, na watoto wetu watakua wakiitazama. Sitaki nyuma yetu ionekane mabati ya choo cha shule na ndoo za wapishi. Harusi za Karen na Runda zikipambwa, hakuna anayeuliza kwa nini. Sisi wa Donholm tukiomba kidogo, tunaambiwa tunajionyesha. Kupenda kilicho kizuri si haki ya waliojaliwa peke yao.

MWEKA HAZINA: Mwanangu, mimi sikatazi uzuri, ninaogopa deni. Tangu M-Shwari ianze mwaka wa 2012, na Fuliza ikafuata 2019, deni limekuwa ni kubonyeza simu tu. Kipengele kidogo kama cha mlango ndicho husababisha hilo, kwa sababu kila mtu husema, "Ni elfu chache tu." Harusi inaisha Jumamosi, na Jumatatu bwana harusi anaamka na ujumbe wa kudaiwa.

SHANGAZI: Nyote mnazungumzia mlango kana kwamba ni picha au ni hesabu. Mlango ni salamu. Mtu ametoka Busia au Machakos usiku, ameshuka matatu, ameuliza njia kwa watu asiowajua. Akifika akute pahali panapomwambia, "Ni hapa, karibu, tulikuwa tunakungoja." Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Atakujaje kama hata hapajulikani pa kuingilia? Nimeona wageni wakiingia matangani wakidhani ni arusini, kwa sababu mahema yote mtaani ni meupe.

Hoja hiyo ya shangazi inaugeuza mjadala. Ikiwa mlango ni salamu, basi hauwezi kuachwa mtupu kama anavyotaka mweka hazina, na wala kazi yake haikomi kwenye picha. Mlango wa harusi umwonyeshe mgeni njia, umpitishe salama na umpokee kwa heshima. Linalobaki ni gharama ya kuyafanya hayo, na nani aibebe.

Kwanza miguu, kisha macho

MPAMBAJI: Kabla hamjanitajia maua, nipelekeni nikaone ardhi. Upande huu wa Nairobi, kuanzia Embakasi hadi Kayole, tunakanyaga udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukiwa mkavu hupasuka nyufa za kumeza kisigino cha kiatu. Mvua ikinyesha saa moja tu, unang'ang'ania soli hadi mtu anatembea na kilo nzima kwa kila mguu. Kamati nyingi hukodi zulia jekundu na kulitandika juu ya udongo huo huo. Wageni hamsini wa kwanza wakishapita, zulia limekuwa tope, na mwenye zulia anadai faini.

MWEKA HAZINA: Kwa hivyo dada, unataka tununue mawe?

MPAMBAJI: La, mzee. Nataka maranda. Pale Gikomba kwenye mbao, mashine za randa hutoa maranda kutwa nzima. Magunia machache yakimwagwa unene wa kiganja kutoka getini hadi hemani, yanafyonza maji, yanaziba nyufa, na yananukia mbao mpya. Zulia likija, lije juu yake. Lisipokuja, njia yenyewe imeshaonekana, kwa kuwa rangi yake imejitenga na udongo. Hapo bado sijafunga hata utepe, na tayari bibi yenu mwenye mkongojo amepita bila kushikwa mkono.

BIBI HARUSI: Hilo sikulifikiria. Nilikuwa nimetazama juu tu.

MPAMBAJI: Wengi hutazama juu. Tuje basi kwenye tao. Bomba la chuma huuzwa kwa urefu wa mita 6. Ukilikata vipande vitatu, viwili vya mita 2.1 na kimoja cha mita 1.8, umepata miguu miwili na kichwa, na hakuna kinachobaki. Mita 2.1 inampitisha mtu mrefu na kilemba chake. Mita 1.8 inawapitisha maarusi wakiwa wameshikana mikono, na kiti cha magurudumu kikapita bila kugusa maua. Fundi wa Kamukunji anakata asubuhi, mchana unachukua. Ila umwambie asichomelee kona zikawa moja. Atie soketi, yaani kipande kinene kidogo ambacho bomba huingia na kutoka. Tao lililochomelewa linahitaji pikapu. La soketi linafungwa mafungu na kwenda kwa mkokoteni.

MWEKA HAZINA: Na upepo? Nimewahi kuona tao likiangukia watoto wa maua.

MPAMBAJI: Mzee, hapo umegusa penyewe. Watu hutia simiti ndani ya madebe ya rangi ya lita 20. Debe likijaa linakaribia kilo 48, nani atalibeba? Mimi natumia kitu ambacho kila nyumba ya Eastlands inacho kwa sababu ya mifereji kukauka: mtungi wa lita 20. Mitungi miwili iliyojaa maji kwa kila mguu ni kilo 40. Naifunga kwa waya, naizungushia kitambaa, haionekani. Inakuja mitupu, inajazwa pale pale. Sherehe ikiisha, maji yale yanaosha sufuria.

Hapa mweka hazina aliandika kitu daftarini mwake bila kuulizwa. Nami nataka msomaji azingatie kwamba hadi sasa hakuna kilichoagizwa kutoka mbali. Maranda ni ya Gikomba, chuma kimefuliwa Kamukunji, mitungi ni ya majirani. Mlango wa bei nafuu huanza kwa kujua mtaa wako una nini.

Waridi, plastiki au mgomba?

BIBI HARUSI: Basi tao liko. Mimi naomba mawaridi halisi. Nchi hii huuzia Ulaya mawaridi kwa ndege kila usiku. Naivasha hapo, Thika hapo, halafu mimi niolewe chini ya maua ya plastiki yaliyosafiri kutoka Uchina? Hilo haliniingii akilini.

MWEKA HAZINA: Mimi kwa mara ya kwanza ninatetea plastiki. Waridi linatumika mara moja. Ua la plastiki likioshwa kwa sabuni linahudumia harusi nyingi, na gharama inagawanyika. Kwa hesabu, plastiki inashinda.

SHANGAZI: Na likishapauka, linakwenda wapi? Tangu Agosti 28, 2017 tumezoea kwenda sokoni na kikapu kwa sababu mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku. Maua ya plastiki, maputo na sponji za maua hazimo katika sheria hiyo, lakini jaa ni lile lile la Dandora, ambalo limekuwa likipokea taka za jiji tangu 1975, na likatangazwa kujaa tangu 2001. Dandora si mbali kwetu. Moshi wake ndio tunaoanikia nguo. Harusi ya Eastlands isiwe ya kwanza kuwapelekea ndugu zetu takataka.

MPAMBAJI: Shangazi amesema kweli, na mzee pia. Niseme nilichokiona kazini. Mawaridi niliyoyapata City Market Ijumaa jioni nayakata vikonyo upande, nayalaza usiku ndani ya maji hadi shingoni. Yakipandishwa kwenye tao alfajiri bila maji, saa saba mchana yamelala. Kwa hivyo mawaridi halisi si ya kufunika tao zima. Machache, yakae pale jicho linapotua: upande mmoja wa kona ya juu, na mengine chini karibu na mtungi, ndani ya kopo la maji lililofichwa. Tao lote likijazwa, nusu ya maua yatanyauka kabla maarusi hawajafika kutoka kupiga picha.

BIBI HARUSI: Na bogenvilea? Nyua za Buruburu zimejaa, tena bure.

MPAMBAJI: Ni bure ukimwomba mwenyewe. Na ukishaikata hainywi maji vizuri, saa mbili tu imekunjamana. Inafaa kwa anayefunga mlango dakika ya mwisho.

SHANGAZI: Mbona mnaukimbia mgomba? Nimekulia Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940. Ukumbi wetu wazee waliuita Bunge kwa siasa zilizopikwa mle kabla ya uhuru. Lakini sisi watoto tuliujua kwa harusi. Migomba miwili ilisimamishwa huku na huku ya mlango, mmoja ukiwa na mkungu wake, majani yakakutana juu. Makuti yakasukwa katikati. Hakuna aliyeuliza harusi ni wapi.

MPAMBAJI: Siukimbii, shangazi, ninauheshimu. Shina la mgomba limejaa maji, unaweza kulichoma vikonyo vya maua na yakakaa mabichi kutwa, bora kuliko kwenye sponji yoyote ya dukani. Tatizo lake ni utomvu. Ukidondoka kwenye kitambaa cheupe hauonekani, kesho yake ni doa la kahawia ambalo sabuni haitoi. Gauni la kukodi likipata doa hilo, mlango wa bure umekuwa ghali kuliko hema. Kwa hivyo mgomba ukatwe jana yake, ujichuje utomvu usiku, na kila palipokatwa pafungwe kwa gazeti na kitambaa. Usimame nje ya njia, hatua moja kutoka tao, gauni lisiuguse.

SHANGAZI: Na mkungu?

MPAMBAJI: Mkungu unabaki na mwenye nyumba. Unapikwa Jumapili.

Vitambaa vinavyokwenda nyumbani na watu

BIBI HARUSI: Kitambaa cha kufunika tao kikodiwe au kinunuliwe?

MPAMBAJI: Mapazia ya mitumba ya Gikomba, yale mepesi ya wavu, yanatosha. Ila kuwa mwangalifu na rangi. Mapazia mawili yanaweza kufanana ndani ya kibanda, ukiyatoa juani moja ni jeupe na jingine ni la maziwa. Yabebe hadi nje kabla hujalipa. Au chagua yote ya maziwa, uiweke nyeupe safi kwa bibi harusi peke yake. Gauni litang'aa zaidi likiwa mbele ya kitambaa ambacho hakishindani nalo.

SHANGAZI: Mimi natoa wazo jingine. Tutundike leso. Huuzwa kwa doti, vipande viwili viwili, na kila moja ina maneno yake. Zikitundikwa kando ya njia kutoka getini hadi kwenye tao, zinapamba kuliko kitambaa kisicho na neno. Sherehe ikiisha, kila mama aliyepika tangu usiku anafungiwa moja kiunoni. Pesa hizo zingetumika kwa zawadi hata hivyo.

MWEKA HAZINA: Hilo nalipitisha leo. Zawadi za wapishi zina fungu lake tayari. Mlango unaziazima kwa siku moja tu.

Hili ndilo wazo lililonigusa zaidi katika mjadala wote. Kamati nyingi hupanga bajeti kana kwamba kila kipengele kinaishi peke yake: zawadi hapa, mapambo pale, usafi kule. Kitu kimoja kikifanya kazi mbili, Sh15,000 zinakuwa nyingi. Maji ya mtungi yanashika tao kisha yanaosha sufuria. Leso inamkaribisha mgeni kisha inamshukuru mpishi. Mkungu unapamba, kisha unaliwa.

Nani analipia unafuu?

MPAMBAJI: Sasa niseme lililo moyoni. Nimewasikia mkipunguza maua, mkipunguza vitambaa, na nimefurahi. Lakini katika kamati nyingi, zikishapunguzwa hizo, kinachopunguzwa tena ni mimi. Naambiwa, "Wewe ni wa mtaa, tusaidie." Kazi ya mlango huanza Ijumaa sokoni. Saa kumi alfajiri niko uwanjani na tochi. Jioni watu wakicheza, mimi nangoja hadi wa mwisho aondoke ili nifungue, nihesabu, nipakie, nitafute gari la usiku wakati nauli imepanda. Mkitaka bei ya chini, punguzeni kazi. Msipunguze ujira.

BIBI HARUSI: Dada zangu walisema watafanya wenyewe, bila malipo.

MPAMBAJI: Wafanye, nami nitawaonyesha. Lakini wakikesha wakifunga tepe, ni nani atakayekuvisha asubuhi? Harusi kadhaa zimeanza na wasimamizi wenye macho mekundu na vidole vilivyochomwa na waya. Kujifanyia ni vizuri kwa kazi inayoweza kumalizwa Alhamisi: kushona vitambaa, kuandika kibao cha karibuni, kufua mapazia. Ya alfajiri mwachieni anayelipwa.

MWEKA HAZINA: Dada, mimi huwa ndiye ninayesema "tusaidie." Nilidhani nalinda pesa za wachangiaji. Lakini hata wewe ni mama mboga wa aina yako. Ujira wako uandikwe wa kwanza.

SHANGAZI: Na mimi nawauliza kitu. Chama chetu cha akina mama kina hema, viti vya plastiki mia na ushei, na sufuria za kupikia. Tunakodisha, tunagawana. Mbona hatuna tao?

MPAMBAJI: Shangazi, nimelingojea swali hilo. Kila harusi hapa inalipia tao jipya, au inalikodi kutoka mjini. Bomba moja la soketi, likipakwa rangi lisishike kutu, linaweza kuhudumia mtaa huu miaka mingi. Mwaka huu limevikwa leso, mwaka ujao migomba, mwingine mawaridi. Hakuna atakayesema ni lile lile, kwa sababu kinachoonekana ni kilichovishwa.

BIBI HARUSI: Mimi nakubali, ila naomba mawaridi yangu machache yabaki.

MWEKA HAZINA: Mimi bado naona waridi ni anasa.

BIBI HARUSI: Na mimi bado naona ni haki yangu, mzee.

Uamuzi wa mwandishi

Hao wawili hawakukubaliana kuhusu waridi, na sioni sababu ya kuwalazimisha. Lakini kwa mengine, mjadala umenionyesha mpangilio ambao ningeusimamia katika kamati yoyote kutoka Jericho hadi Komarock.

Pesa za mlango zianze kwa mtu: ujira wa mpambaji uandikwe kabla ya ua la kwanza, hata kama utakula Sh6,000 kati ya zile 15,000. Fungu linalofuata liende chini, miguuni mwa mgeni, kwa sababu mapambo yaliyo juu ya tope ni tope. La tatu liende kwa kitu kinachodumu na kinachobaki mtaani, yaani tao. Kinachosalia, hata kikiwa kidogo, ndicho kinunue uzuri wa siku hiyo, na hapo bibi harusi awe na neno la mwisho. Kamati nyingi hupanga kinyume: zinaanza na maua, na mtu anayeyafunga analipwa kwa ahadi.

Ningeongeza jambo moja lisilogharimu chochote. Pale mlangoni asimame mtu anayezijua familia zote mbili, anayeweza kumwambia mzee wa Busia, "Shikamoo, viti vya upande wenu ni huku." Tao lisilo na mtu chini yake halijamkaribisha yeyote. Nimehudhuria sherehe zilizopambwa kwa pesa nyingi, nikazunguka na sahani mkononi nisijue pa kukaa, na nimeingia kwa mlango wa kamba mbili na makuti nikapokewa kama mtoto wa nyumba.

Kwa akina mama wenye vyama Eastlands, ombi langu ni la kikao kijacho. Mnamiliki hema, viti na sufuria. Ongezeni bomba moja la mita 6, soketi nne, mbili za kona na mbili za miguu, na mitungi ambayo tayari mnayo. Wekeni ada ndogo ya kulikodi, ili kila harusi ilipie rangi na matengenezo ya tao, na mtoto wa jirani asiyeweza kulipa apewe bure. Kisha mpambaji wa mtaa wenu awe wa kwanza kuitwa na wa kwanza kulipwa.